Kiwango cha punguzo katika sera za tabianchi

Kiwango cha punguzo ni asilimia ambayo wachumi huitumia kushusha thamani ya faida au hasara ya miaka ijayo ili ilinganishwe na fedha za leo. Katika sera za tabianchi asilimia hiyo ndiyo inayoamua kizazi kipi kibebe mzigo, ingawa umma huonyeshwa kana kwamba ni hesabu tupu. Chukua hasara ya mafuriko ya shilingi milioni 1 itakayotokea baada ya miaka 100. Ukiipunguza kwa asilimia 1.4 kila mwaka, leo inahesabiwa kuwa shilingi 249,000 hivi. Kwa asilimia 5, zinabaki kama 7,600. Mafuriko ni yale yale, na nyumba zilizozama ni zile zile.

Ripoti ya mchumi Nicholas Stern kwa serikali ya Uingereza, mwaka 2006, ilitumia takriban asilimia 1.4 na kuhimiza hatua kali bila kuchelewa. Mchumi William Nordhaus wa Marekani aliipinga: kwake kiwango kifuate faida halisi ya mitaji sokoni, na kodi ya kaboni ianze ndogo, ipande taratibu. Hoja yake ina uzito, kwani wajukuu wakija kuwa na mali kutuzidi, kwa nini maskini wa leo ajinyime kwa ajili yao? Lakini mali hiyo ni ya wastani. Mjukuu wa mkulima wa mpunga katika delta ya Rufiji, Tanzania, ambako maji ya chumvi yanaingia mashambani, hafidiwi na ukuaji wa uchumi wa kwingineko. Tena bei za soko hupangwa na walio hai. Asiyezaliwa hana sauti humo. Mwanahisabati Frank Ramsey alikwishasema mwaka 1928 kwamba kudharau raha ya mtu kwa sababu tu itakuja baadaye hakuna utetezi wa kimaadili.

Kuhusu maskini wa leo, jambo kubwa ni fedha za kodi zinakwenda wapi. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipoanza kodi ya kaboni mwaka 2008 lilirudisha mapato kwa kupunguza kodi nyingine na kuwalipa wenye kipato kidogo. Kuahirisha nako kuna mlipaji wake. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliona kasoro katika sheria ya tabianchi ya 2019, kwa kuwa iliwasukumia vijana sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza gesijoto baada ya 2030. Mwaka huohuo bunge likairekebisha, na lengo la kufikia sifuri halisi ya gesijoto likasogezwa kutoka 2050 hadi 2045.