Matema: Pwani ya Mapumziko na ya Kumbukumbu

Wengi wetu tunakifahamu kijiji cha Matema kama mahali pa mapumziko. Kwaya, vijana na wachungaji wa semina hushuka kutoka Tukuyu, hupita mashamba ya kakao na mpunga ya Kyela, huvuka Ipinda, na mwisho huliona Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, kiasi kwamba asubuhi mwanga hutangulia na jua lenyewe huchelewa kuonekana. Mchanga ni mlaini na maji ni maangavu. Baada ya ibada ya jioni tunakaa ufukweni na kumshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake.

Shukrani hiyo ni njema, lakini pwani hii ina mengine ya kutufundisha.

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika Unyakyusa. Walikuja kwa njia ya maji: mto Zambezi, mto Shire, kisha ziwa lote hadi kaskazini. Nyakati hizo biashara ya watumwa ilikuwa bado inazitesa nchi za kando ya ziwa. Injili ilihubiriwa kwa watu walioijua hofu. Vituo vikajengwa milimani na ufukweni, na kimojawapo kilikuwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho jirani na Matema.

Ikaja vita. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Misheni ya Kiskoti ya Livingstonia, kutoka upande wa Nyasaland, ilisaidia, lakini kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa wenyeji. Walimu na wazee wa kanisa waliendelea kufundisha, kusali na wagonjwa na kuzika wafu. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta kuna Wakristo.

Tukiwauliza vijana wetu ni nani aliyeleta Injili, watamtaja Merensky. Tukiwauliza ni nani aliyeitunza miaka ile, wananyamaza. Na sisi wachungaji, tuseme kweli, mara nyingi tunanyamaza pamoja nao.

Siku ya Jumamosi kuna soko la vyungu huko Lyulilo, hatua chache kutoka Matema. Mitumbwi huja kutoka Ikombe ikiwa imejaa vyungu vya Kikisi, vilivyofinyangwa kwa mikono ya akina mama na kuchomwa kwa moto. Vinasafiri hadi masoko ya mbali. Anayekula wali uliopikwa humo hajui jina la mama aliyekifinyanga, lakini ameshiba kwa kazi yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya hazina iliyowekwa katika vyombo vya udongo. Tunapovitazama vyungu vile tunawakumbuka walimu wetu wa mwaka 1916. Walikuwa udongo kama sisi, na hazina ilikuwa salama kwao.

Chungu kikivunjika, mama hufinyanga kingine. Kumbukumbu ikipotea hairudi. Wazee waliosimuliwa habari hizo na wazazi wao wanapungua kila mwaka, na tunapowazika tunazika pamoja nao majina ambayo hayakuandikwa popote.

Basi, wapendwa, tutakapokwenda tena Matema, tuogelee, tupande mtumbwi, tule samaki, tupumzike. Lakini katika ratiba ya semina tutenge alasiri moja. Tuketi na wazee wa usharika chini ya mwembe, tuwe na daftari na kalamu, tuulize: nani aliwafundisha wazazi wenu kusali? Tuyaandike majina hayo, na Jumapili tuyasome mbele ya usharika, tukimshukuru Mungu aliyewaita na asiyewasahau.