Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi baada ya mionzi: roboti inasaidia nini?

Mama wa Usa River anaweza kumaliza mionzi, akakaa mwaka mzima bila shida, kisha damu ikaanza kutoka tena. Ndugu wakisikia kuna roboti inayopasua India, shamba linaanza kutafutiwa mteja. Kabla ya kuuza, jua haya.

Kwa nini siyo mionzi tena?
Kibofu, utumbo na uke vimeshapokea mionzi karibu na kiwango vinachoweza kuvumilia. Ikirudiwa palepale, vinaweza kutoboka, mkojo au choo kikapitia ukeni. Kwa hiyo mara nyingi njia ya kuponya inayobaki ni upasuaji.

Ni upasuaji gani?
Ni mkubwa. Daktari Alexander Brunschwig wa New York aliueleza mwaka 1948. Hutolewa kizazi, uke au sehemu yake, pamoja na kibofu, mwisho wa utumbo mpana, au vyote viwili. Baadaye mgonjwa anaweza kutumia mifuko ya mkojo na choo inayobandikwa tumboni, maisha yake yote.

Unafaa pale tu saratani iliporudi katikati ya nyonga. Ikiwa imeshika ukuta wa pembeni au imefika kwenye mapafu au ini, kwa kawaida haufanyiki. Mguu mmoja kuvimba, maumivu yanayoshuka mguuni na figo kuziba ni dalili kuwa huenda imeshafika pembeni.

Roboti inafanya nini?
Haipasui yenyewe. Daktari anakaa kwenye mashine, anatazama picha iliyokuzwa na kuongoza vyombo vinavyopita kwenye matundu madogo. Damu inayopotea huwa kidogo na kidonda cha tumboni huwa kidogo pia. Lakini viungo vinavyotolewa ni vilevile, na sehemu iliyopigwa mionzi hupona taratibu hata ukitumia roboti.

Tena matundu madogo siyo bora kila mara. Utafiti mkubwa uliotoka 2018, kwa saratani ya hatua za mwanzo, ulionyesha waliopasuliwa kwa matundu walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo.

Muulize daktari:
1. Kinyama kimepimwa maabara kuthibitisha kuwa ni saratani?
2. MRI au CT scan inaonyesha imebaki katikati?
3. Upasuaji huu ni wa kuponya, au wa kupunguza mateso?

Kama majibu hayapo, bado hujafika wakati wa kuuza shamba. Majibu hayo yanaweza kutafutwa hapa nchini: KCMC Moshi kuna kituo cha saratani tangu 2016, na Dar es Salaam kuna Ocean Road.

Usikose kliniki
Mara nyingi saratani hii hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kipindi hicho hudhuria kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6, hata kama unajisikia mzima. Damu, uchafu wenye harufu au maumivu ya nyonga yakitokea, usisubiri tarehe. Ikigundulika ingali katikati, upasuaji bado unawezekana. Ikishafika pembeni, hata roboti haitasaidia.