Seva za Akiba za Bukavu, Kuanzia Enzi ya Fonia

Seva ya akiba ni kompyuta inayotunza nakala za kumbukumbu za ofisi ili zisipotee mashine kuu inapoharibika. Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, adui wa kwanza wa kumbukumbu hakupitia kwenye waya. Mji ulitekwa na waasi wa AFDL Oktoba 1996, ukawa chini ya waasi wa RCD kuanzia Agosti 1998, kisha ukaangukia mikononi mwa askari walioasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi Juni 2004. Uporaji uliandamana na vita hivyo. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 likabomoa majengo pande zote mbili za mpaka wa Rwanda. Nakala iliyofaa ilikuwa ile iliyowekwa mbali na mporaji na mbali na kifusi.

Mawasiliano ya nje yalikuwa haba. Parokia, mashirika na wafanyabiashara walitegemea fonia, redio ya masafa marefu ambayo yeyote mwenye masafa yaleyale aliweza kuisikiliza. Baadaye sahani za setelaiti zikapandishwa mapaani. Mawimbi yalisafiri karibu kilomita 36,000 kwenda juu na nyingine kama hizo kurudi, na gharama ilikuwa kubwa, kwa hiyo laini haikuachwa wazi ovyo. Ughali huo ukawa ulinzi ambao hakuna aliyeupanga: kompyuta isiyounganishwa haibishiwi hodi na mtu wa mbali.

Hali ilibadilika hatua kwa hatua. Kampuni ya simu ya Vodacom ilianza huduma nchini Kongo mwaka 2002. Kebo ya baharini ya WACS ilianza kuihudumia nchi mwaka 2013 kupitia Muanda, lakini Muanda iko mwisho wa pili wa nchi. Kwa Bukavu, bahari iliyo karibu zaidi ni ya Hindi, ambako kebo ya SEACOM ilifika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kadiri bei ilivyoshuka, ndivyo laini zilivyoachwa wazi usiku na mchana.

Laini isiyozimwa huvuta wageni. Programu zinazojiendesha hupita anwani zote za intaneti bila kujali ni ya benki au ya zahanati, zikijaribu hasa mlango wa mawasiliano namba 22, uliotengewa SSH, mfumo wa kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali uliobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995 baada ya maneno ya siri kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Mlango namba 3389, wa kuendesha Windows kutoka mbali, hujaribiwa vivyo hivyo.

Seva ya akiba ndiyo huumia zaidi, kwa sababu mara nyingi ni mashine kuukuu iliyostaafishwa kazi nyingine. Windows Server 2003 iliacha kupata marekebisho Julai 2015, na CentOS 6 Novemba 2020. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilionyesha duniani kote madhara ya kasoro zisizozibwa: kilifunga mafaili na kudai malipo. Nakala iliyounganishwa na mtandao huohuo ingeweza kufungwa pamoja na asili yake.

Ulinzi wa mashine kama hiyo huanza kwa kufunga kila mlango usiotumika na kuruhusu anwani chache zinazojulikana. Neno la siri huachwa, hutumika funguo za kidijitali; anayekosea mara kadhaa huzuiwa na programu kama Fail2ban. Bora zaidi, seva ya akiba yenyewe huenda kuchukua nakala, isipokee simu ya mtu kutoka nje. Nakala nyingine huwekwa kwenye diski iliyochomolewa.

Umeme nao huingia katika hesabu. Bukavu iko jirani na mitambo ya Ruzizi I, ya mwaka 1958, na Ruzizi II, ya mwaka 1989, lakini delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haijaisha. Betri ndogo ya kompyuta kuukuu ikifa, kila umeme unapokatika saa ya mashine hurudi miaka nyuma. Daftari la matukio huchanganyika, na haijulikani tena nani alijaribu kuingia lini. Kubadilisha betri hiyo na kulinganisha saa ni sehemu ya ulinzi.

Sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Haizuii hatari ya zamani: Februari 2025 mji ulitekwa tena, safari hii na waasi wa M23. Kwa hiyo kumbukumbu za Bukavu zinahitaji nakala mbili za aina tofauti, moja ikiwa nje ya mji dhidi ya vita na tetemeko, nyingine ikiwa nje ya mtandao dhidi ya wavamizi wa mbali.