Kanisa Lililoanza Kama Baa

Binamu yangu yuko Texas. Juzi alinitumia video ya ibada yao ya Kiswahili, ndani ya ukumbi wa kukodi. Ibada ikiisha, wanakunja viti, wanabeba spika, wanarudisha funguo. Ndio maana nikamwambia stori ya Wagiriki wa New York.

Mwaka 1916 wahamiaji Wagiriki walianzisha parokia yao huko chini ya Manhattan, wakaiita Mtakatifu Nikolao, msimamizi wa mabaharia. Inaeleweka, si walikuja kwa meli? Doo ya kujenga hawakuwa nayo. Wakachanga kama dola 25,000, wakanunua jengo la Cedar Street lililokuwa nyumba ya mtu kabla ya kugeuka baa. Ndiyo, baa. Mwaka 1922 wakaanza kusali humo.

Usifikirie makuba na dhahabu. Upana futi 22 hivi, kimo futi 35, na kimnara kidogo cha kengele juu ya paa. Baadaye majengo jirani yakabomolewa, likabaki peke yake katikati ya maegesho ya magari, na ng'ambo ya barabara ile minara miwili ya World Trade Center, ghorofa 110 kila mmoja. Kwa picha linakaa kama kioski kilichokataa kuhama. Mimi hizo picha siziachi.

Septemba 11, 2001, mnara wa kusini ulilianguka. Hakuna aliyekufa ndani, lakini kanisa likawa vumbi. Masalia ya watakatifu yaliyokuwa kwa sefu hayajapatikana hadi leo.

Kulijenga upya kulichukua zaidi ya miaka 20. Mchoro ni wa Santiago Calatrava, Mhispania. Kuba lake lina mbavu 40, sawa na Hagia Sophia ya Istanbul, na kuta za nje ni marumaru ya Ugiriki, kutoka mlima uleule uliotoa mawe ya Parthenon. Marumaru imekatwa nyembamba, ikabanwa na vioo, taa ziko nyuma yake, kwa hivyo usiku kanisa lote linawaka kama taa ya chemli. Halafu Desemba 2017 pesa zikaisha! Zege likabaki uchi zaidi ya miaka miwili. Liliwekwa wakfu Julai 4, 2022. Mtoto aliyebatizwa kwa lile la zamani mwaka 2001 alikuwa tayari mtu mzima.

Jipya ni kali, sikatai. Lakini ukiniuliza, lile la baa ndilo linanigusa, kwa sababu walilinunua watu waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza, na hakuna mbunifu maarufu aliyewasaidia.

Nilimtumia binamu picha zote mbili. Hakusema lolote kuhusu marumaru. Aliuliza tu, "Na hayo maegesho pembeni, yalikuwa yao?"

Hayakuwa.