Lugha Isiyopita Masikioni

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kuna kosa moja nililolisahihisha karibu kila mwaka. Mwanafunzi angeandika, "Kiziwi kimepita njiani." Nami kwa kalamu nyekundu ningelikata "kimepita" na kuandika "amepita", kisha ningeeleza darasani kwamba umbo la neno ni la KI-VI, lakini kwa kuwa linataja kiumbe mwenye uhai, upatanisho wake ni wa A-WA. Ndivyo ilivyo kwa kipofu na kiwete; ndivyo ilivyo pia kwa kijana, kinyozi na kiongozi. Sarufi yangu ilikuwa sahihi. Nilichokosa ni kumjua huyo aliyepita njiani.

Makala haya ni maungamo ya msomaji aliyechelewa. Baada ya kustaafu nilirudi Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nikiwa na masanduku mawili ya vitabu na nafasi ya kusoma ambayo sikuwahi kuwa nayo kazini. Mpwa wangu, ambaye huko Sumbawanga anafundisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, akaanza kunitumia vitabu kuhusu historia ya viziwi. Vilishuka kwa basi kupitia Namanyere, kila kifurushi na kikaratasi chake: "Mjomba, soma na hiki." Nilivipokea kwa adabu tu, nikidhani ni vitabu vya tiba ya masikio. Kumbe vilikuwa vitabu vya historia ya lugha, na mpenzi wa lugha akishaonja hapo hawezi kuacha.

Tuanze nyumbani, katika Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imelipa tendo la kusikia kazi nyingi kuliko lugha kadhaa nizijuazo. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, baridi, harufu, uchungu na raha. Kwa maana hiyo hakuna mwanadamu asiyesikia. Hata hivyo lugha hiyo hiyo imelifanya sikio kuwa kiti cha adili. Mtoto mwema huitwa msikivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Mzazi aliyekasirika humwuliza mwanawe, "Wewe ni kiziwi?" Hivyo kutosikia kukafanywa ndugu wa kutotii, na kutotii kukafanywa ndugu wa ujinga. Juu ya hayo tukaongeza neno bubu, ambalo kwa kiziwi mara nyingi ni kosa maradufu: koo lake ni zima, na lugha anayo au anaweza kuipata.

Historia ya elimu ya viziwi katika Ulaya ina mizizi ya kale zaidi, lakini shina lake kubwa liko Paris. Huko, yapata mwaka 1760, padri Charles-Michel de l'Épée aliwakuta viziwi wakizungumza kwa mikono. Kwanza alijifunza kwao, kisha akawafundisha Kifaransa kwa njia ya macho. Shule yake ikazaa walimu, na baadhi yao walikuwa viziwi wenyewe. Mmoja wao, Laurent Clerc, alivuka Atlantiki mwaka 1816 pamoja na Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule mjini Hartford. Mwaka 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoruhusu chuo cha viziwi mjini Washington kutoa shahada. Ndicho kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Kisha kikaja kikao ambacho viziwi hukitaja kama sisi tunavyoutaja Mkutano wa Berlin. Septemba 1880, walimu kutoka nchi kadhaa walikutana Milan, Italia. Karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Walipiga kura kwamba kiziwi afundishwe kwa sauti na kusoma midomo, na kwamba alama za mikono ziondolewe darasani. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Katika shule nyingi watoto walichapwa mikono au kuamriwa kuikalia. Azimio hilo lilitawala elimu ya viziwi kwa takriban karne nzima, na ni mwaka 2010 tu, mjini Vancouver, ambapo mkutano wa kimataifa wa waelimishaji wa viziwi uliyakana rasmi yale ya Milan na kusikitikia madhara yake.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Nikiwa mtoto wa shule ya msingi nilivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema Kifipa. Wengi wa rika langu wanakijua kibao hicho. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzio akiteleza ulimi, umvike yeye. Sisi tulifungwa ulimi kwa saa za masomo tu; jioni tulirudi kwa bibi zetu na lugha yetu ikatupokea mlangoni. Mtoto kiziwi aliyekatazwa mikono shuleni mara nyingi hakuwa na lugha ya kurudia, kwa kuwa wazazi wake hawakuijua. Walioondoa alama darasani waliondoa lugha pekee aliyoweza kuipokea yote bila kubahatisha.

Kitabu kilichonigusa zaidi ni cha Nora Ellen Groce, kilichochapishwa mwaka 1985, kuhusu kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Kwa zaidi ya miaka mia mbili, uziwi wa kurithi ulikuwa jambo la kawaida katika vijiji fulani vya kisiwa hicho. Kwa hiyo wakazi wote, wanaosikia na wasiosikia, walikua wakijua kuzungumza kwa mikono. Wazee waliohojiwa na Groce walikumbuka majirani kwa sifa zao nyingine, huyu mvuvi hodari, yule mkulima mzuri, na ilibidi waulizwe ndipo wakumbuke kwamba fulani alikuwa kiziwi. Wavuvi waliongea kwa mikono kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, hata wale wenye masikio mazima. Msomaji wa Kipili hahitaji kufafanuliwa hilo. Hapa pia, injini inaponguruma na upepo unapochukua maneno, mkono ndio unaosema nyavu zivutwe au ziachwe. Tofauti ni kwamba ishara zetu za ziwani ni chache na za kazi tu, ilhali zao zilikuwa lugha kamili ya kuchumbia, kusengenyea na kuombea dua.

Je, ni lugha kweli? Swali hili lilijibiwa kitaalamu mwaka 1960, William Stokoe alipochapisha uchambuzi wake wa lugha ya alama ya Marekani. Alionyesha kwamba kila alama hujengwa kwa vipande vidogo: umbo la kiganja, mahali kinapowekwa na mwendo wake. Badili kimoja, maana hubadilika, kama vile "pata" na "bata" zinavyotenganishwa na fonimu moja. Lugha hizo zina sarufi yake, na si Kiingereza wala Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni. Wala hakuna lugha moja ya alama kwa dunia nzima. Kiziwi wa Uingereza na yule wa Marekani, ambao majirani zao huelewana kwa Kiingereza, wana lugha mbili mbalimbali.

Katika Afrika, jina lisilokwepeka ni la Andrew Foster. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, akawa kiziwi akiwa mtoto baada ya kuugua uti wa mgongo, na mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada Gallaudet. Mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, alifungua shule ya viziwi mjini Accra. Kabla ya kufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya thelathini katika nchi nyingi za bara hili. Ni kiziwi aliyewafundisha viziwi, na kwa kuonekana kwake tu alikuwa somo.

Kwetu Tanzania, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974, na nyingine zikazuka, ikiwamo ya Mwanga mkoani Kilimanjaro. Kivuli cha Milan kilikuwa kirefu: kwa miaka mingi mafundisho yalielemea sauti na midomo. Lakini ukiwakusanya watoto viziwi katika bweni moja, lugha huzaliwa usiku taa zikiwa bado zinawaka. Kwa kuwa shule zilikuwa mbalimbali, alama za shule moja zilitofautiana na za nyingine. Mtu wa Tabora alikuwa na zake, wa Buguruni zake.

Wapenzi wa Kiswahili tunaijua hadithi hii. Kiamu, Kimvita, Kiunguja: navyo vilikuwa na watu wake na fahari yake, mpaka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Viziwi nao, kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, walianza kukusanya alama za nchi. Kamusi ya Lugha ya Alama Tanzania ilitoka mwaka 1993, na muongo uliofuata mwanaisimu Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaendeleza kazi ya kamusi. Maswali yao yalikuwa yale yale ya mwaka 1930: tuchukue ya nani, tuache ya nani, na atakayeachwa atajiona wapi? Lipo pia funzo katika jina. Waungwana tulihangaika kutafuta maneno laini, "asiyesikia", "mwenye matatizo ya masikio". Wenyewe walipounda chama chao walijiita viziwi, bila kupunguza.

Majirani zetu wametangulia katika katiba. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka nchi iendeleze lugha ya alama kwa viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka lugha ya ishara ya Kenya pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unatamka wazi kwamba neno "lugha" linajumuisha lugha za alama. Na mwaka 2010 ikapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa washairi na wanaisimu, tamko hilo kuhusu neno "lugha" lina uzito wa pekee. Kila kamusi inayoieleza lugha kuwa ni mpangilio wa sauti imepitwa na wakati.

Na ushairi je? Sisi wa vina na mizani tulidhani utungo hauna makao nje ya sikio. Clayton Valli, mshairi na mwanaisimu kiziwi wa Marekani, alieleza kwamba katika tungo za alama kina hupatikana kwa kurudia umbo lile lile la kiganja, kama sisi tunavyorudia silabi ile ile mwishoni mwa kipande. Mizani huwa katika mwendo na utuo wa mikono. Urari ni ule ule, ila mlango wake ni jicho.

Nimebakiza deni moja. Miaka ya tisini, katika shule moja ya mkoa wetu, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyepoteza usikivu kwa homa kali akiwa darasa la nne. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Alisoma na kuandika vizuri, lakini katika kughani mashairi nilimpa sifuri, na katika taarifa niliandika kwamba ni mzito na hasikii maonyo. Aliacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Leo ni fundi wa nyavu hapa hapa ufukweni. Wenzake wa chombo wamejifunza alama zake, nao huzungumza naye wakicheka.

Baada ya kusoma vitabu vile nilimfuata, nikaandika kwenye daftari kwamba nilimkosea na ninaomba radhi. Alisoma, akachukua kalamu, akaandika: "Mwalimu, ulikuwa unafundisha huku unautazama ubao." Hilo tu. Midomo yangu, ambayo ingalau ingemsaidia kidogo, niliielekeza kwenye chaki miaka miwili mfululizo.

Nilikuwa nimesoma kwamba viziwi hupeana majina ya alama, kila mtu kwa tabia au umbo lake, nikamwuliza kama mimi ninalo. Wavuvi waliokuwa karibu waliangua kicheko kabla hajajibu. Kumbe wote walilijua. Akasimama, akanigeuzia mgongo, na kwa kidole akaandika hewani. Hilo ndilo jina langu katika ufukwe wa Kipili, na limekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini bila mimi kulijua. Siku hizi nikipita hapo naye akaliita, huinua mkono na kuitika, nikiwa nimemwelekea uso kwa uso.