HDH maana yake nini? Fito za kuvulia, kutoka hariri hadi kaboni

Rafiki yangu mmoja wa Ndabibi, kule magharibi mwa Ziwa Naivasha, amepata fito mbili za kuvulia kwa nzi wa bandia. Mmoja ni wa mwanzi, wa zamani sana, na karibu na mpini umeandikwa HDH kwa wino uliofifia. Wa pili ni wa kaboni, una namba 6. Anataka kuanza kuwapeleka wageni kuvua, na ana pesa za mshipi mmoja tu. Mshipi wa aina hii si ule wa kununua dukani na kufunga kwenye kijiti, bei yake inauma. Kaniuliza mimi, mtu wa kompyuta: mshipi mmoja utafaa fito zote mbili?

Nilidhani ni swali la dakika tano. Kumbe nyuma yake kuna kisa ambacho kila mwandika programu atakitambua.

Kwanza tuelewane kuhusu uvuvi wenyewe. Ukivua kwa mnyoo na risasi, ile risasi ndiyo nzito, ndiyo inayovuta mshipi uende mbali. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi kwenye ndoana. Hana uzito. Ukimrusha hafiki popote, kama ambavyo huwezi kurusha unyoya. Kwa hiyo unachorusha ni mshipi wenyewe. Unatengenezwa mnene na mzito kwa makusudi, nao unaupinda ufito, ufito unajinyoosha na kuusukuma. Mshipi ukiwa mwepesi mno ufito haupindi, ukiwa mzito mno ufito unalegea kama tambi. Ndiyo maana swali la rafiki yangu si la anasa.

Fito hizi zilikujaje huku? Na walowezi. Inaelezwa kwamba Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Nyandarua. Trauti anataka maji baridi, kwa hiyo upande wetu utampata juu kwenye mto Malewa, kabla haujashuka hadi ziwani. Ziwa lenyewe ni vuguvugu kwake. Humo waliingiza tilapia kuanzia 1925, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 wakamleta blakibasi kutoka Marekani, samaki mpiganaji, kwa ajili ya mchezo. Uvuvi wa kibiashara wa nyavu ulifunguliwa Naivasha mwaka 1959 tu. Yaani kwa miaka thelathini hivi ziwa lilijazwa samaki wa kigeni kwa raha ya mwenye ufito. Juu mitoni kanuni zilikuwa kali zaidi: leseni, na sehemu nyingi nzi wa bandia peke yake. Mtoto wa kijijini aliyeshuka na mnyoo kwenye ndoana alikuwa mvunja sheria. Ukishika ufito wa enzi hizo ni vizuri kulijua hilo, maana haukutengenezwa kwa ajili ya babu yako wala wangu.

Haya, turudi kwenye zile herufi.

Zamani mishipi ilisokotwa kwa hariri na kupakwa mafuta. Watengenezaji walipima unene. Kila herufi ilikuwa kipenyo: A ni inchi 0.060, B ni 0.055, na kila hatua inapungua 0.005 hadi unafika H ambayo ni 0.025. HDH basi ni mshipi ulio mwembamba mwanzoni (0.025), mnene katikati (0.045, kama milimita 1.14), halafu mwembamba tena mwisho. Ukiona HDH kwenye ufito, maana yake fundi anasema: nipe mshipi wa unene huu.

Lakini ufito haujali unene! Unachohisi ni uzito. Unene ulifanya kazi kwa sababu kila mtu alitumia hariri, na hariri ya unene fulani ina uzito ule ule karibu kila mahali. Kwa lugha yetu, kulikuwa na dhana iliyofichwa ndani ya data na hakuna aliyeiandika popote, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ipo. Kila kitu kilikwenda sawa kwa miongo.

Kisha ikaja nailoni baada ya Vita vya Pili. Nailoni ni nyepesi kuliko hariri. Ukinunua HDH ya nailoni, herufi ni zile zile, kipenyo ni kile kile, ufito ni ule ule, na mshipi hauendi. Halafu ikaja mishipi iliyofunikwa kwa plastiki, mingine ikiwa na vipovu vidogo mno vya kioo ndani ili ielee, mingine ikitengenezwa izame. Sasa HDH ingeweza kuwa na uzito wowote. Hakuna aliyebadilisha jina la kipimo, ila kipimo kilikuwa kimekwisha kufa. Nani kati yenu hajawahi kukutana na safu ya namna hii kwenye hifadhidata aliyorithi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani, AFTMA, kilikubaliana kutupa herufi na kupima kitu chenyewe. Unachukua futi 30 za kwanza za mshipi (mita 9.14), unaziweka kwenye mizani. Greni 140, yaani gramu 9 na kidogo, ni namba 5. Greni 160 ni namba 6. Greni 210 ni namba 8. Kuna nafasi ndogo ya kukosea, namba 6 inaruhusiwa kuanzia 152 hadi 168. Hariri, nailoni, plastiki, inayoelea, inayozama, hata kitu ambacho bado hakijagunduliwa, mizani haijali. Mimi naona huu ni usanifu safi kabisa.

Fito nazo zilikuwa zinabadilika wakati huo huo. Karne ya 19 zilikuwa za mbao ngumu, hasa ile ya Guyana iitwayo grinhati. Wamarekani wakaanza kupasua mwanzi kuwa vipande na kuviunganisha kwa gundi, sita kwa pamoja. Mwanzi bora ulitoka Guangdong, Uchina. Marekani ilipoiwekea Uchina vikwazo vya biashara mwaka 1950, mwanzi huo ukakatika, na fito za faibaglasi zilizokuwa zimeanza muda mfupi kabla zikapata soko. Nyuzi za kaboni zilitengenezwa kwa mafanikio Farnborough, Uingereza, miaka ya 1960, na mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ikaziuza kama ufito wa nzi. Nyepesi, ngumu, za haraka.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye jibu. Kiwango cha AFTMA kinapima mshipi. Hakipimi ufito! Namba iliyoandikwa kwenye ufito ni maoni ya kiwanda. Fito mbili za namba 6 zinaweza kutofautiana sana, na nyingi za kaboni ni ngumu kuliko namba zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mmarekani Bill Hanneman alichoka na hali hiyo akabuni jaribio la nyumbani: funga ufito ukiwa mlalo, ning'iniza senti kwenye ncha hadi ishuke theluthi moja ya urefu wa ufito, hesabu senti. Za Marekani zina gramu 2.5 kila moja. Hapa kwetu ning'iniza chupa ndogo, ongeza maji polepole, kisha pima chupa kwenye mizani ya jikoni. (Mfuko wa plastiki ungefaa zaidi lakini umepigwa marufuku tangu 2017.) Ukiwa na ufito mwingine ambao namba yake unaiamini, unalinganisha.

Kwa rafiki yangu: majedwali mengi huweka HDH karibu na namba 6, mengine 5. Nimemwambia afanye jaribio la chupa kwanza kwa fito zote mbili. Zikikaribiana, anunue namba 6 inayoelea na itatosha zote. Ule wa mwanzi ukiwa laini zaidi, bado anunue 6 kwa ajili ya kaboni, na ule wa mwanzi arushe mshipi mfupi, maana futi 20 zina uzito pungufu. Kwa Malewa juu ningechagua 4 au 5, ufito wa futi 7 na nusu. Kwa ziwani, pamoja na upepo wa mchana na yule kapu (si la sokoni, ni samaki aliyeonekana Naivasha mara ya kwanza 2001), futi 9 namba 7 au 8 si kosa.

Kurusha nako kunatofautiana. Vitabu vinasema ncha isimame mkono wa saa ukiwa kwenye 10 mbele na 1 nyuma. Soma namba zilizoandikwa kwenye saa, usije ukahesabu saa nne na saa saba kwa Kiswahili ukapinda mgongo. Kaboni inataka mwendo mfupi na kusimama ghafla. Mwanzi unataka subira: rudisha nyuma, ngoja mshipi unyooke kabisa, ndipo ulete mbele. Anayetoka kwenye kaboni huwahi, na mshipi unamwangukia kichwani.

Na ukiwa kando ya ziwa, nyuma yako kuna mafunjo, hakuna nafasi ya kurudisha mshipi. Hapo jifunze kuviringisha: mshipi unabaki majini mbele yako, unauvuta taratibu hadi utengeneze tumbo kando ya bega, kisha unausukuma mbele kwa pigo moja. Fanya hivyo juu ya mashua, asubuhi kabla ya upepo, na mtu mwingine akiwa macho kwa ajili ya viboko.