Nani Amchagulie Askari Bunduki?

Leo twataka kuzungumza habari ya jambo ambalo kwa sura yake laonekana kuwa la wakubwa wa jeshi peke yao, lakini kwa kweli lamhusu kila mzazi aliyepata kumwona mwanawe akivaa nguo za askari. Jambo lenyewe ni hili: jeshi linapotaka kuiacha bunduki ya zamani na kutwaa mpya, lifuate shauri la nani, na lipime kwa kipimo gani?

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maana yake, mtu wa kazi hulima kwa jembe lo lote, na mvivu ndiye asingiziaye mpini. Wako watu wanaopenda kuitumia methali hii kwa askari pia, wakisema kwamba askari hodari hashindwi na chombo. Lakini twaomba msomaji afikiri kidogo. Mkulima ambaye jembe lake limechomoka mpini hukaa kivulini, akachonga kabari, kisha akaendelea na kazi yake, magugu hayatamwua. Askari ambaye bunduki yake imekwama hana kivuli wala nafasi, na adui hamngojei. Kwa hiyo shauri la bunduki lataka uangalifu kupita shauri la jembe.

Ugumu wake ni huu: bunduki hutakiwa iwe na sifa nne, na sifa hizo hazipatani. Hutakiwa ipige mbali na kufuata shabaha sawasawa. Hutakiwa ipige upesi. Hutakiwa iwe nyepesi mabegani. Na hutakiwa isikwame kwa mvua, vumbi wala matope. Ukiurefusha mtutu ili ilenge vizuri, umeiongeza uzito. Ukivibana vyuma vyake sana ili risasi ikae imara, mchanga kidogo tu waweza kuifunga. Ukiifanya ipige upesi, wenye kutunza ghala hulia kwamba risasi zitakwisha. Basi kila mchaguzi huipenda sifa moja na kuzidharau nyingine, na historia yatuonyesha matokeo yake.

Tuanze na habari ya Ulaya. Zamani bunduki zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, na askari ilimpasa kusimama ili aweze kushindilia. Watu wa Prussia walichagua bunduki ya Dreyse, inayofunguliwa kwa nyuma. Haikufika mbali kama bunduki ya Austria, lakini askari wake aliweza kuijaza huku amelala chini, na kupiga mara nyingi wakati mwenzake angali akishindilia. Wakubwa wa Austria walikuwa wakijua habari zake, lakini walidhani kwamba askari akipewa bunduki ya upesi atazitapanya risasi bure. Tarehe 3 Julai 1866, majeshi hayo mawili yalikutana Königgrätz, na Waaustria wakaanguka kwa maelfu. Hatusemi kwamba bunduki peke yake ndiyo iliyoleta ushindi, maana uongozi pia ulikuwa na sehemu yake. Lakini uchumi wa risasi ulilipwa siku ile kwa roho za watu.

Habari ya pili ni ya pwani yetu wenyewe. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi ya Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wadachi, yaani Wajerumani. Katika Ulaya jeshi lao lilikwisha pata bunduki mpya za Mauser za mwaka 1898, zenye baruti isiyotoa moshi. Lakini kombania nyingi za askari Waafrika zilikuwa zingali na bunduki za namna ya mwaka 1871, za baruti nyeusi. Fikira iliyokuwa imeenea ni kwamba kwa askari mweusi bunduki ya moshi yatosha. Hakuna aliyemwuliza askari mwenyewe.

Basi mwezi wa Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka Tanga. Lilikuwa na watu 8,000 hivi, na walinzi wa mji hawakufika kiasi hicho hata kidogo. Katika mapigano yale kila askari mwenye bunduki ya zamani alipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya kichwa chake, likamwonyesha adui mahali alipolala. Walinzi walishinda kwa uhodari wao na kwa fujo iliyowapata washambuliaji. Lakini tazameni walilolifanya baada ya kushinda: walizikusanya bunduki mpya zilizoachwa na adui, wakazipa kombania tatu. Na mwezi wa Aprili 1915, meli iitwayo Rubens ilipopigwa mizinga na kuzama nusu katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, wapiga mbizi walishuka kuzitoa bunduki na risasi majini. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani kama mtama, kisha zikafungwa tena. Wakati wa amani moshi ulidhaniwa kuwa si kitu. Vita vilipokuja, watu walipiga mbizi kuitafuta bunduki isiyo na moshi.

Twendeni sasa Kanada, maana mwaka uo huo wa 1915 watu wa huko walipata fundisho lililo kali zaidi. Wakati wa vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 hata 1902, Kanada iliomba bunduki za Lee-Enfield kwa Waingereza, ikaambiwa kwamba haziwezi kupatikana. Jambo hili liliwaudhi, nao wakaamua kujitengenezea bunduki yao. Akatokea Sir Charles Ross, bwana mmoja tajiri wa Scotland, aliyekuwa amebuni bunduki ya namna ya peke yake, na mwaka 1903 wakapatana naye ajenge kiwanda Quebec.

Bunduki ya Ross ilikuwa nzuri machoni. Kwa bunduki nyingine, askari akitaka kutoa ganda la risasi huinua kwanza mkono wa komeo, kisha hulivuta nyuma. Kwa Ross, huvuta moja kwa moja na kusukuma moja kwa moja. Kazi mbili badala ya nne. Tena mtutu wake ulikuwa mrefu, na chumba cha risasi kilikuwa chembamba, chenye kuikamata risasi sawasawa. Katika mashindano ya shabaha, juu ya majani makavu, kwa risasi zilizochaguliwa, iliwapa wapigaji wake zawadi nyingi. Waziri wa majeshi, Sam Hughes, aliipenda mno, akaifanya kuwa fahari ya taifa. Mtu aliyeisema vibaya alionekana kama anaisema vibaya Kanada.

Mwezi wa Aprili 1915 askari wa Kanada walikuwa katika mahandaki karibu na mji wa Ypres, nchi ya Ubelgiji. Tarehe 22 Wadachi walifungua hewa ya sumu, kisha wakaja kwa wingi. Wakanada walipiga risasi upesi upesi, na bunduki zikapata moto. Hapo sifa zote za uwanja wa shabaha ziligeuka kuwa ubaya. Risasi walizopewa zilitoka katika viwanda vya Uingereza vilivyofanya kazi kwa haraka ya vita, nazo hazikulingana kwa unene; Lee-Enfield, yenye chumba kipana kidogo, ilizipokea, lakini chumba chembamba cha Ross kilizibana. Matope yakaongeza taabu. Na komeo lile la kuvutwa moja kwa moja halikuwa na nguvu ya kulegeza ganda lililonasa. Jaribuni wenyewe kuzibua chupa iliyozibwa sana: ukikizungusha kizibo chatoka, ukikivuta tu chakataa. Askari walilazimika kuweka vitako vya bunduki chini na kuyapiga makomeo kwa visigino vya viatu, huku adui anakuja.

Basi askari waliamua shauri lao wenyewe. Ilipohesabiwa baada ya mapigano, zaidi ya watu 1,400 katika 5,000 hivi waliosalia walikuwa wameitupa Ross na kuokota Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Hiyo ilikuwa kura, ingawa haikupigwa kwa karatasi. Walakini waziri hakukubali. Jenerali Alderson, aliyewaongoza, alipoandika kwamba bunduki ile haifai, Hughes alimkasirikia sana, na mwaka 1916 jenerali akaondolewa katika uongozi wa jeshi lile. Lakini ukweli haukuondoka naye. Mwaka huo huo majeshi ya Kanada yaliyokuwa vitani yote yalikwisha pewa Lee-Enfield, na mwezi wa Novemba Hughes naye akaacha uwaziri. Ross iliachiwa walenga shabaha wachache, watu wa kupiga risasi moja kwa utulivu na kuisafisha silaha yao kila saa. Kwao ilifaa kweli kweli.

Msomaji aweza kusema, hayo yalikuwa makosa ya watu wa zamani. Lakini miaka 50 baadaye taifa lenye mali kupita yote lilifanya kosa la jamaa moja na hilo. Mwaka 1957 jeshi la Amerika lilichagua bunduki ya M14, nzito, ya risasi kubwa. Wakati huo huo fundi mmoja, Eugene Stoner, alikuwa akibuni bunduki nyepesi ya risasi ndogo. Risasi hizo zilikuwa na uzito wa nusu tu ya zile kubwa, hata askari aliweza kuchukua mbili badala ya moja. Mabishano yakawa makali. Wengine walisema risasi ndogo ni ya kuchezea watoto. Wengine wakasema katika misitu ya Vietnam adui yu karibu, na mwenye risasi nyingi ndiye mwenye uhai. Mwisho bunduki ya Stoner ilikubaliwa, ikaitwa M16.

Mpaka hapo hatuoni kosa. Kosa lilikuja baada ya kujaribiwa. Mwaka 1964 baruti ya risasi zake ilibadilishwa, ikatiwa ya namna nyingine. Baruti hii iliifanya bunduki ipige kwa kasi kupita ilivyopangwa, tena iliacha masizi mengi ndani yake. Chumba cha risasi hakikupakwa kromu ya kuzuia kutu, ingawa nchi iendayo vitani ilikuwa ya mvua na joto. Na juu ya hayo ikaenea habari kwamba bunduki hii mpya haihitaji kusafishwa sana; askari wengi wakapelekwa bila ufito wa kusafishia wala mafunzo ya kutosha. Maganda yakanasa. Wako vijana waliokutwa wamekufa, bunduki zao zimefunguliwa kando yao, maana walikuwa wakijaribu kulitoa ganda.

Habari zilifika kwao kwa barua. Askari waliwaandikia wazazi, barua zikaingia magazetini na katika mikono ya wajumbe wa Baraza la Taifa. Mwaka 1967 halmashauri ya wajumbe, chini ya Richard Ichord, ilichungua jambo lote, ikasema kwamba jinsi wakubwa walivyochelewa kuliondoa kosa hilo ni uzembe unaokaribia kuwa wa jinai. Hapo dawa ikapatikana: kromu ikatiwa, vifaa vya kusafishia vikagawanywa, mafunzo yakafanywa, hata mwaka 1968 kikatolewa kitabu kidogo cha picha za kuchekesha kumfundisha askari namna ya kuitunza. Bunduki ile ile iliyolaaniwa, ilipotengenezwa vizuri na kutunzwa, ikaaminiwa kwa miongo mingi.

Basi tuirudie hoja yetu. Upande mmoja wasema, mafundi na wakubwa ndio wenye elimu ya kuchagua, kwa maana askari mmoja huona handaki lake tu, na huipenda bunduki aliyoizoea. Neno hili lina kweli. Hata M16 ilichekwa na wengi waliozoea bunduki nzito. Tena serikali yapaswa kuangalia bei, viwanda, na risasi zitakazopatikana vita vikiwa virefu. Upande wa pili wasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi twaona kwamba pande zote mbili ziwe na nafasi, lakini kila moja mahali pake. Fundi na abuni. Mwenye hazina na ahesabu. Lakini neno la mwisho juu ya kufaa litoke kwa askari wa kawaida, baada ya kuibeba bunduki hiyo siku nyingi katika matope na mvua ya nchi atakayopigania, akitumia risasi zile zile za kiwandani na mafuta yale yale atakayogawiwa.

Na yako mambo matatu yampasayo mchaguzi kuyakumbuka. Kwanza, asichague bunduki peke yake. Achague bunduki pamoja na risasi yake, vifaa vyake vya kusafishia na mafunzo yake, maana hivyo vyote ni chombo kimoja. Pili, kilichojaribiwa ndicho kipelekwe. Kikibadilishwa hata baruti tu, kijaribiwe upya. Tatu, lango la malalamiko lisifungwe. Waziri akiifanya bunduki kuwa heshima yake, hakuna atakayethubutu kumwambia kwamba imekwama, na habari hiyo ataipata kwa hesabu ya makaburi.

Methali ya jembe ni ya kweli shambani. Lakini hata shambani, mwenye shamba mwenye akili, kabla ya kununua majembe mia, hununua moja, akampa mkulima, akangoja mvua.